Taji Lililotolewa Uzi Mweusi

Valea Cornului, 3 Novemba 1996

Rusanda,

Mimi nipo, sijafa, kama hilo ndilo ulilokuwa unasubiri kusikia. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne ikayeyuka palepale. Ng'ombe amezaa ndama jike, ana macho makubwa na hasikii neno, nimempa jina lako. Jirani yangu Palaghia amevunjika mguu akishuka darini na kapu la vitunguu. Sasa analala jikoni kwangu, anakula kama mkata magogo, na bado analalamika chumvi haitoshi. Kaburi la babu yako Gavrila tumeliwekea msalaba wa mwaloni, kama alivyotaka. Ungekuja tena baada ya mazishi ungeuona. Hukuja.

Barua hii naiandika mwenyewe, maana sitaki Palaghia ajue nakuandikia nini. Ulinifundisha herufi kwa mkaa juu ya ubao wa mkate ukiwa na miaka minane, na kila nilipokosea ulinichapa vidole na mwiko. Basi soma ulichokifundisha.

Jana nilifungua kasha langu la chini ya dirisha, nitoe blanketi la baridi. Mashuka yapo. Shati la babu yako lipo. Taji halipo. Taji langu la shanga, nililolifunga kwenye taulo nyeupe, halipo, na taulo yenyewe imekunjwa pembe kwa pembe, imenyooshwa vizuri kabisa.

Mwizi wa huku angebeba mashuka. Na mwizi wa huku hakunji taulo.

Tena nimekumbuka. Siku tunamzika babu yako, watu wako mezani wanakula chakula cha msiba, nilikuuliza mbona umekawia chumbani. Ukasema unalia. Kumbe ulikuwa unalia na mikono ndani ya kasha langu.

Sikuulizi kama ni wewe. Nakuuliza liko wapi. Nalitaka kabla ya Krismasi.

Bibi yako,
Todosia


Bukaresti, 9 Desemba 1996

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, mwisho wa mwaka kazi hutubana. Mpe pole Palaghia. Mimi sijambo, ila nimeanza kuvaa miwani, na chumba changu hupata joto siku nne kwa wiki, siku nyingine tatu nalala na koti. Asante kwa ndama.

Taji liko salama. Liko kwenye makumbusho ninayofanyia kazi. Usianze kupiga kelele, soma kwanza mpaka mwisho.

Kwako lilikuwa linaliwa na nondo. Hapa lina kabati lake la kioo, lina taa yake, na mtu halishiki bila glavu. Nimelisafisha mimi mwenyewe, shanga kwa shanga. Lilikuwa limezungushiwa uzi mweusi mchafu, nadhani mtu alijaribu kulikaza zamani, nikauondoa. Sasa linang'aa. Tumelivisha sanamu ya mbao, bibi harusi, na pembeni yake bwana harusi mwenye kofia ya manyoya ya tausi. Wageni wanasimama mbele yake zaidi kuliko mbele ya kitu kingine chochote. Nimeandika kadi kwamba ni la harusi yako na babu, na mwaka nilioukuta umedariziwa ndani. Watu wa mbali wanasoma jina lako, Bibi! Wewe ambaye hukukanyaga darasa.

Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikuuliza. Huo ndio ukweli. Lakini kitu kizuri namna ile hakistahili kukaa chini ya mashuka.

Halitarudi. Naomba usilifanye jambo hili kuwa ugomvi.

Mjukuu wako,
Rusanda


Valea Cornului, 16 Desemba 1996

Rusanda,

Hatujambo. Palaghia anakohoa. Nguruwe tumemchinja Jumamosi, soseji zako nimezitundika, na zitabaki zimetundikwa.

Uliutoa uzi mweusi? Uliuweka wapi? Uliutupa?

Unaniambia nisifanye ugomvi. Umeingia kwenye kasha langu, umenivua nguo mbele ya wageni wa mbali, umenisimamisha karibu na mwanamume wa mbao, halafu ugomvi naufanya mimi. Nondo wangu unawajua wewe? Miaka sitini nondo na mimi tumeelewana vizuri.

Umeandika "makumbusho". Makumbusho gani? Mji huo una mangapi? Mbona hukutaja jina? Unaniogopa, eh? Unafanya vizuri kuniogopa.

Sababu sikuelezi. Sababu si yako. Lirudishe na uzi wake.

Todosia


Bukaresti, 20 Januari 1997

Bibi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nilikuwa na mafua wiki mbili.

Uzi niliutupa. Ulikuwa uzi tu.

Jina la makumbusho sikutajii kwa sababu nakujua. Utamwagiza padri aandike barua, au utapanda treni mwenyewe, kwa umri wako, na baridi hii, uje ufoke mbele ya mkurugenzi. Tafadhali usije. Chumba changu kina kitanda kimoja. Nashinda kazini mpaka jioni, sina mtu wa kukutembeza.

Kama una sababu, iseme. Kama huna, basi ni ukaidi, na ukaidi wako naujua tangu nilipokuwa nalala mgongoni kwako. Babu angekuwa hai angefurahi.

Rusanda


Valea Cornului, 2 Aprili 1997

Rusanda,

Ndama anakua. Palaghia ameanza kutembea kwa gongo, anajigonga kila mahali kwa makusudi ili nimwonee huruma. Hii ni Kwaresima, tunakula maharage, na hasira yangu haijafunga.

Nimekuja Bukaresti. Nimekuja na nimerudi. Hukujua.

Nililala kwa mpwa wa Palaghia, dereva wa tramu, mtu mwema ana mke mchoyo. Nilifika Jumatatu. Kumbe Jumatatu makumbusho yote ya mji wenu yamefungwa! Nimesafiri nusu ya nchi na mkoba wa jibini, nakuta mlinzi getini ananiambia picha zinapumzika. Nikamwambia, mimi nina miaka sabini na saba sijapumzika, picha imechoka na nini?

Jumanne nikaanza. Nilikuwa sijui ni lipi, kwa hiyo niliamua kuyaingia yote mpaka nilipate.

La kwanza lilikuwa jumba la picha. Wakanivalisha viatu vya kitambaa juu ya viatu vyangu nisikwaruze sakafu, nikawa nateleza kama bata kwenye barafu. Kuta zimejaa wanawake uchi, wanene, wamelala mchana kweupe na matunda pembeni. Nikamuuliza kijana wa chumbani, "Hawa hawana kazi?" Akasema, "Bibi, ni miungu ya kale." Nikasema, "Mungu gani hana hata leso?" Nikamuuliza taji langu. Akanionyesha taji la malkia mmoja kwenye picha. Nikasema hilo halijashonwa vizuri, nikatoka.

Mchana nikaingia la pili. Humo ni wanyama waliojazwa majani makavu. Palikuwa na dubu, Rusanda, amesimama kwa miguu miwili, sura ileile ya yule aliyekula kondoo wetu wanne. Nikamwambia, "Kumbe ulikimbilia huku." Wanafunzi wakacheka. Taji hakuna.

Jumatano asubuhi nikaingia la tatu, na mlangoni tu nikanusa sufu ya kondoo. Nikajua nimefika.

Chumba cha mwisho, pembeni ya kitanda cha kufumia vitambaa. Nilijiona. Sketi si yangu, shati si langu, uso wa mbao. Kichwa ni changu. Taji linang'aa kama kitu cha dukani. Na yule mwanamume kando yake, mashavu mekundu.

Mlinzi wa chumba alikuwa mama mmoja anaitwa Aglaia, anafuma soksi kwenye kiti. Akaniambia, "Mama, usiegemee kioo."

"Siegemei. Naangalia mali yangu."

"Kila anayeingia humu ana mali yake. Juzi bwana mmoja alidai jeneza la mfalme."

"Taji hili ni langu."

"Haya. Na bwana harusi je, naye ni wako?"

"Huyo simjui. Anaonekana ameanza kunywa tangu alfajiri."

Akacheka, akanisogezea kiti chake. Nilimpa jibini. Nikamwomba anisomee kadi, maana mwandiko wa mashine unanisumbua. Akanisomea: *Taji la harusi. Bibi harusi Todosia, Valea Cornului, mwaka 1937. Kielelezo cha furaha ya ndoa ya kijijini.* Akaniuliza, "Ndiye wewe? Mbona umepauka hivyo?"

Kabla sijamjibu ukaingia wewe, na kundi la walimu kutoka Ploiesti. Nikaruka nyuma ya kitanda cha kufumia. Umri wangu, najificha kama kuku! Ukasimama, umenyoosha mgongo, miwani imekukaa vizuri. Ukasema: "Bibi yangu alivaa taji hili siku aliyoolewa na babu yangu. Walipendana tangu utoto. Wanasema babu alilia kwa furaha kanisani." Na walimu wote wakasema, "Aaah."

Gavrila kulia! Gavrila alikatwa vidole viwili na msumeno akaniambia nilete kitambaa na nisisahau chakula cha jioni. Nani alikwambia alilia? Umelitoa wapi hilo?

Mkaondoka. Aglaia akaniambia, "Si mjukuu wako huyo? Mbona humwiti?" Nikamwambia, "Nikimwita nitamzaba kofi mbele ya walimu, halafu nitamkumbatia, na sijui kipi kitaanza." Ulikuwa umependeza. Hilo ndilo lililoniuma. Unadanganya kwa sauti niliyokuimbia mimi.

Sasa sikiliza, maana nasema mara moja.

Gavrila alinioa mwaka 1939. Siku hiyo nilivaa leso, leso nyeupe tu, ukitaka kamuulize Palaghia, alikuwepo. Mwanamke havai taji mara mbili. Mimi langu nilikuwa nimeshalivaa.

Mwaka 1937, mwezi wa nne, gogo lilimbiringikia mtoni kijana wa kijijini kwetu, Simion, mtoto wa pekee wa mama yake, likamuua. Alikuwa na miaka ishirini. Wewe umesomea Kifaransa, lakini hili unalijua au umelisahau: zamani kwetu kijana akifa hajaoa, hazikwi hivihivi. Anaozeshwa. Anatafutwa msichana aliye hai, anavishwa nguo za harusi, anatembea nyuma ya jeneza na wapiga fidla wanapiga nyimbo za harusi. Mama yake Simion alikuja getini kwetu. Hakulia. Akasema, "Todosia, nipe siku moja." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wakanivika. Taji lilizungushiwa uzi mweusi, ili kila anayeliona ajue hii ni harusi ya namna gani. Ule uzi wako mchafu.

Kaburini yule mama alinishika mashavu yote mawili, akasema, "Taji ni lake. Wewe unalitunza tu. Siku utakayokuja, mletee." Nikasema nitamletea.

Unataka kuniuliza kama nilimpenda. Usiniulize. Gavrila aliniuliza mara moja, sikumjibu, tukaishi pamoja miaka hamsini na saba.

Ndiyo sababu. Umeitaka, umeipata. Nataka kuzikwa nalo. Lilete.

Todosia


Bukaresti, 6 Mei 1997

Bibi,

Shikamoo. Kristo amefufuka. Nilipata barua yako kabla ya Pasaka. Nimeanza kuijibu mara nne.

Kwanza niseme lililo moyoni, halafu uniite vyovyote. Ulisimama nyuma ya kitanda cha kufumia ukanisikiliza kama askari kanzu, ukaondoka. Siku tatu mjini, hukugonga mlango wangu. Nina kitanda kimoja, ndiyo, ningelala chini! Ningekupikia ugali. Umetoa jibini kwa Aglaia, mimi mjukuu wako sikupata hata harufu. Na miaka yote ile niliyolala jikoni kwako ukinisimulia habari za kila ng'ombe aliyewahi kuishi Valea Cornului, hukupata nafasi ya kunitajia Simion? Mimi ningejuaje?

Hapana. Ningejua. Habari ya uzi mweusi imo kwenye kitabu tunachowauzia wageni mlangoni. Nimekisoma. Nilikisoma wiki ileile niliyoukata ule uzi, na sikukumbuka kwamba watu wa kitabuni wana nyumba na makasha.

Babu kulia nilitunga. Walimu wanapenda.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Alinisikiliza, hata alisikitika. Akasema kitu kikishapigwa namba hakitoki, sheria ni sheria. Halafu akasema kuna njia moja. Nilipolileta taji nilitia sahihi kwamba mwenyewe ameridhia. Nikiandika kwa mkono wangu kwamba hukuridhia, kwamba nililichukua kwa siri, basi makumbusho haiwezi kukaa na mali ya wizi, italirudisha. Akaniangalia, akasema, "Lakini, Rusanda, fikiri vizuri. Siwezi kuwa na mwizi anatembeza wageni."

Siwezi, Bibi. Mwaka huu walikuwa wanipe kazi ya kudumu. Nikiandika neno hilo, hakuna makumbusho mji huu itakayoniamini hata na ufagio. Wewe ulimwahidi mtu aliyekufa. Mimi naishi.

Nililoweza nimelifanya. Bwana harusi nimemtoa, yuko stoo. Kadi nitaiandika upya, ukweli wote, na jina la Simion. Watu watasimama na kunyamaza. Niambie ukoo wake niandike sawasawa.

Rusanda


Valea Cornului, 13 Mei 1997

Rusanda,

Amefufuka kweli. Plamu zimechanua. Palaghia amerudi kwake, nyumba imekuwa kubwa.

Bwana wa mbao umemtoa. Sasa nimesimama mwenyewe kwenye kioo, wananihurumia. Afadhali yule mlevi angebaki.

Jina la Simion usiliandike. Mama yake hakumzaa aje asomwe na walimu wa Ploiesti. Ukiliandika sitakuwa na mjukuu. Umesikia? Hili silitanii.

Sikugonga mlango wako kwa sababu uliniandikia nisije. Unasahau ulichoandika, mimi sisahau, kwa sababu kila barua yako naisoma kwa kidole, neno kwa neno, mara tatu.

Daktari wa mji wa Sighet amenisikiliza moyo, akasema neno refu. Nikamwambia alifupishe. Akanishika bega. Nimelielewa.

Unaishi. Ni kweli unaishi, nami ndiye niliyekuambia uende ukaishi, nilikufungashia mkate. Sikuambii uandike. Sikuambii usiandike. Nimechoka kukulea.

Todosia


Bukaresti, 30 Juni 1997

Bibi,

Shikamoo. Sina habari ya hali ya hewa.

Nakuletea nakala ya karatasi niliyompa mkurugenzi leo asubuhi. Nimeiandika kwa herufi kubwa usihangaike.

*Mimi, Rusanda, mtembeza wageni wa makumbusho hii, naandika haya bila kulazimishwa. Mwezi wa nane mwaka jana, siku ya mazishi ya babu yangu, watu wakiwa mezani, nilifungua kasha la bibi yangu Todosia bila ruhusa yake na bila yeye kujua. Nikachukua taji la shanga. Karatasi niliyotia sahihi kwamba ameridhia ilikuwa ya uongo. Uzi mweusi uliokuwa kwenye taji niliukata na kuutupa, nikaandika kadi ya uongo, nikaisimulia kwa wageni miezi saba. Nililiiba. Naomba arudishiwe mwenyewe.*

Aliisoma akiwa amesimama. Akaniomba funguo. Aglaia alilifunga taji kwenye sanduku la kofia yake mwenyewe, akaweka soksi pembeni lisitikisike. Litakuja na mpwa wa Palaghia, amepewa likizo.

Sikuandika jina lake.

Mimi siji. Sijui nitakuangaliaje.

Rusanda


Valea Cornului, 14 Julai 1997

Rusanda,

Taji limefika. Shanga tatu hazipo, mbili nyekundu na moja ya bluu, mwambie huyo mkurugenzi sijalala. Soksi za Aglaia nimezivaa, za mtu mwenye mguu mpana, zinanifaa.

Uzi mweusi nimetia mwingine. Palaghia aliuleta, akaona ninachoshona, akala chakula cha jioni bila kulalamikia chumvi. Nilidhani anaumwa.

Karatasi yako nimeisoma kwa kidole mara tatu. Halafu nimeitia jikoni chini ya sufuria, ugali umeiva vizuri. Mimi ndiye niliyekuita mwizi, na mimi ndiye mwenye ruhusa. Mwingine yeyote akikuita hivyo, wa mji au wa kijiji, mlete kwangu.

Kazi utapata nyingine. Una sauti. Ila usiwape watu machozi ya mtu ambaye hakulia.

Unasema hujui utaniangaliaje. Usiniangalie, nani anataka kuangaliwa? Njoo kwa treni ya Ijumaa. Soseji zimeisha, nimezila kwa hasira, lakini kuku yupo. Kuna kazi ya mikono ninayotaka uifanye, na Palaghia siwezi kumpa, vidole vyake vinatetemeka. Taji hili halikai kichwani hivihivi kama ulivyoliweka kwenye ule mti wenu. Linafungwa nyuma kwa nyuzi saba, kila moja na fundo lake, na waliokuwa wanajua wote wako makaburini. Siku utakayonivika, mikono yangu haitaweza kukuonyesha. Njoo nikuonyeshe sasa.

Bibi yako,
Todosia